UZI: Nilitengeneza pua ya AI ya kunusa amonia, ikajifunza kunusa saa ya mchana

FundiBaridi

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye chai avute kiti.

Mimi ni fundi wa majokofu makubwa, haya ya viwandani, niko Kanda ya Ziwa mwaka wa 11 sasa na kazi yangu kila siku ni amonia. Kwa wasiojua, viwanda vingi vya barafu na vya kugandisha samaki havitumii ile gesi ya friji ya nyumbani, vinatumia amonia kwa sababu ni rahisi kwa bei na inabeba joto vizuri mno. Shida yake ni ikivuja. Inachemka kwenye nyuzi -33 kwa hiyo ikitoka kwenye paipu inatoka na ukungu mweupe wa baridi, inatafuta penye maji mwilini, yaani macho, koo, mapafu. Watu wa usalama kazini wanahesabu kikomo cha kufanyia kazi saa 8 ni 25 ppm, yaani sehemu 25 kwenye hewa sehemu milioni moja, na ikifika 300 hapo hakuna cha kumalizia kazi, unatoka ulivyo.

Sasa pale kiwandani tuna mzee wetu, namwita Babu Kompresa, yeye kutafuta penye uvujaji anatumia kijiti cha salfa. Anakiwasha, anapitisha taratibu kwenye maungio ya paipu, pakiwa na amonia ule moshi unageuka mweupe mzito kama wa ubani. Au analowesha karatasi nyekundu ya litmas anaishika karibu na vali, ikigeuka buluu anakuita "njoo na spana". Hizo ndizo teknolojia tulizokuwa nazo.

Mwaka juzi usiku wa saa nane sili ya kompresa ikaachia. Aliyegundua ni mlinzi, na aligundua kwa kukohoa. Hakufa mtu ila vijana wawili walilazwa. Kiwanda silitaji, mnaonijua naomba mnyamaze. Mimi nikarudi nyumbani sijalala, nikajiambia mbona haya mambo ya akili mnemba tunayaona kila siku kwenye simu, haiwezekani kweli kutengeneza kitu kinachonusa saa 24?

Nikaagiza sensa (sensa ya gesi jamani, sio ile ya kuhesabiwa Agosti 2022). MQ-135, MQ-2, MQ-3, MQ-7, hizi za bei ya vocha, nikaongeza kidude cha kupima joto na unyevu, vyote kwenye ESP32, ile kompyuta ndogo ya saketi moja. Ndani ya hizo MQ kuna oksidi ya bati inayochemshwa na kihita kidogo. Kwenye hewa ya kawaida oksijeni inajibandika juu yake na kushika elektroni, ukinzani unakuwa mkubwa. Ikija gesi kama amonia inamenyuka na ile oksijeni, elektroni zinaachiwa, ukinzani unashuka, wewe unasoma voltu. Basi.

Kasheshe ni kwamba sensa moja haina siri, inamwitikia kila mtu. MQ-135 wanakuuzia kama ya amonia lakini spiriti inaisikia, moshi inausikia, petroli inaisikia. Ndiyo maana unaweka nne pamoja, kila moja inaitikia kwa kiasi chake, halafu unaiachia kompyuta ijifunze ule mchanganyiko. Ni kama kujua nyumba ya jirani wanapika pilau, hujui kwa bizari peke yake wala kwa kitunguu peke yake, ni vyote kwa pamoja vinakwambia. Wazo lenyewe wala si geni, mwaka 1982 Persaud na Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick Uingereza waliliandika kwenye jarida la Nature, pua ya kielektroniki.

Nikakusanya data wiki mbili. Asubuhi narekodi hewa safi, mchana baada ya kula Babu akiwa na nafasi ananifungulia amonia kidogo kwenye ndoo yenye mfuniko, narekodi. Usiku nafundisha modeli (programu inayojifunza yenyewe kutoka kwenye data) kwenye laptopu, ile ya miti mingi ya maamuzi inayopiga kura. Ikapata asilimia 98. Nikaweka stetasi. Watu wakanipa hongera, mpaka shemeji yangu ambaye hajui amonia ni nini.

Nikaifunga chumba cha mashine na king'ora.

Siku ya tatu mama ntilie wa nje ya ukuta kakaanga vitunguu, king'ora. Wamepiga deki na jiki, king'ora. Mhasibu kapita na marashi yake, king'ora. Usiku upepo wa ziwani ukaleta unyevu, king'ora mara saba, nimehesabu kwenye kumbukumbu ya kifaa. Asubuhi nakuta waya umechomolewa, umeviringishwa vizuri, umefungwa na mpira wa fungu la pesa. Mlinzi kaniangalia tu. Sikuwa na la kusema.

Nikapunguza ukali, nikachomeka tena. Wiki ile ile vali moja ikaanza kulia pole pole kwenye shina, amonia kidogo lakini ipo, Babu kainusa toka mlangoni akaingia na kijiti chake. Mashine yangu iko mita tatu hapo, taa ya kijani, "hewa safi". Ilikuwa saa mbili asubuhi.

Hiyo saa mbili asubuhi ndiyo iliyonipa jibu. Nikarudi kwenye mafaili nikatafuta zile rekodi za mchana, nikakata dakika tano za mwanzo KABLA Babu hajafungua chupa, nikaipa modeli. Ikasema amonia. Hewa tupu, amonia! Haikujifunza amonia hata kidogo wakuu. Ilijifunza mchana. Joto limepanda, hita zimekaa muda mrefu, unyevu umeshuka, basi hiyo ndiyo "amonia". Na saa mbili asubuhi hata umwage tanki zima yenyewe inaona ni asubuhi, hewa safi.

Nimeleta hapa ili na wengine mnaocheza na hivi vitu msije mkaaibika kama mimi. Karibuni.

kijana_wa_Ubungo

Mkuu nimecheka kwa sauti kwenye daladala 😂😂 mashine inajua saa, si ungeiuza kama saa ya ukutani

MhandisiTarajali

Uzi mzuri sana ila nadhani umekosea kutumia miti, ungetumia mtandao wa neva wa kina (modeli ya tabaka nyingi inayoiga ubongo) ungepata matokeo bora maana hizo zinashika mambo magumu zaidi, mimi kwenye projekti yangu ya chuo nilipata 99.

FundiBaridi

@MhandisiTarajali mdogo wangu, hiyo ya kina ingejifunza mchana vizuri zaidi tu. Kwanza niambie hizo 99 ulipima kwa data ya siku gani?

MhandisiTarajali

Nilichanganya zote nikachukua asilimia 20 za kupimia, si ndio inavyofundishwa

FundiBaridi

Ndipo nilipoanguka mimi. Ukirekodi kila sekunde halafu ukachanganya, sekunde ya 100 iko kwenye kufundishia na sekunde ya 101 iko kwenye kupimia, ni mapacha hao. Unampa mwanafunzi mtihani ambao jana yake ulimpa majibu. Tenga SIKU nzima ambazo modeli haijawahi kuziona, pimia hizo. Mimi nilipofanya hivyo ile 98 yangu iliporomoka ikawa haina tofauti kubwa na kurusha shilingi.

Na usijione mjinga, wakubwa pia wamepigwa hapo. Mwaka 2020 watafiti wa Intel na Cornell walitoa kazi kwenye jarida kubwa, chipu yao ya Loihi inajifunza harufu za kemikali 10 hatari kwa kuonyeshwa mara moja tu, dunia nzima ikaandika. Data waliyotumia ilikuwa ya watu wengine, ya sensa 72 kwenye handaki la upepo. 2022 timu nyingine (Dennler na wenzake) wakaifungua ile data wakakuta kila gesi ilirekodiwa kwa mafungu, gesi hii siku zake, gesi ile siku zake, wala haikuchanganywa. Usomaji wa sensa zenyewe unahama kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo unaweza kukisia ni gesi gani hata kabla gesi haijafunguliwa. Unaona? Ni mchana wangu ule ule, ila wao wana handaki mimi nina ndoo.

Mkemia_wa_Kata

Habari zenu. Mimi ni mwanamke, nimesoma kemia, nafanya maabara, naomba niseme mawili.

Kwanza kaka FundiBaridi hicho kifaa ulikifunga urefu gani? Maana watu wengi wanasoma kwamba amonia ni nyepesi kuliko hewa wanaweka sensa darini. Ni kweli ni nyepesi ikiwa gesi ya joto la kawaida. Ila ikitoka kwenye mtambo ikiwa kimiminika cha baridi inabeba matone na inashika unyevu wa hewani, lile wingu linakuwa zito linatambaa chini kama ukungu wa bonde. Weka moja juu na nyingine usawa wa magoti.

Pili, sanduku lako uliliziba na nini?

FundiBaridi

Darini dada, umenikamata. Sanduku nililiziba na silikoni, ile ya kuzibia masinki, kuna tatizo?

Mkemia_wa_Kata

Nilijua 😅 Mvuke wa silikoni unaua sensa za oksidi ya bati. Unajenga utando juu ya uso wa sensa na hautoki, sensa inabaki inawaka lakini haisikii sawasawa. Hata dawa za nywele zenye silikoni zinafanya hivyo. Inawezekana kabisa sensa zako zilianza kufa siku ya kwanza na wewe ukawa unafundisha modeli kwa mgonjwa.

FundiBaridi

Dah. Dah dah dah. Kesho naagiza nyingine.

kijana_wa_Ubungo

Huyu dada aje awe modereta

Mkemia_wa_Kata

Halafu kuhama kwa sensa hata bila silikoni kupo tu. Kuna data moja ya wazi mnaoanza mnaweza kuishusha bure kwenye UCI, hazina ya data ya mtandaoni, ilikusanywa Chuo Kikuu cha California San Diego kuanzia Januari 2007 mpaka Februari 2011, sensa 16, vipimo 13,910, gesi sita na amonia imo. Imegawanywa mafungu 10 kwa muda. Fundisha fungu la kwanza, pima la pili, la tatu, nenda hivyo mpaka la kumi, uone modeli inavyozeeka mbele ya macho yako. Hilo zoezi moja lina faida kuliko kozi tatu za YouTube.

MtuWaMaskati

Assalaam aleikum wazee. Mimi niko Oman, visima vya mafuta, mambo yetu huku si amonia ni haidrojeni salfaidi, H2S, ile yenye harufu ya mayai viza. Huku huingii eneo bila kimashine kifuani, kikilia 10 ppm unaangalia upepo, unatoka kwa kuukata kando, huulizi. Na asubuhi kabla ya zamu kila kimashine kinapulizwa gesi ya kujaribia, kisipolia hukivai.

Niliongeze hapa kwa sababu naona watu wanaisifu sana pua ya Babu. Kwa amonia sawa, pua inajua mapema na inakera mpaka utakimbia. Kwa H2S pua ni msaliti. Mwanzo unasikia mayai viza, ikikaribia 100 ppm pua inakufa ganzi, unadhani imeisha kumbe imeongezeka. Na hii si ya mafuta tu, hata nyumbani ni hiyo hiyo kwenye mashimo ya vyoo. Mnasikia kila mwaka, mmoja kazama shimoni kunyonya choo au kutoa simu, ndugu yake kaingia kumwokoa, wa tatu kaingia kuwaokoa wote wawili, wanatolewa maiti watatu. Hawajazama maji, ni hewa ya mle.

Mama Neema wa Makete

Poleni na hongereni kwa somo. Mimi sio msomi wa hayo lakini huku kwetu baridi ni kali, watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani wanalala, mwaka huu tumezika jirani na mtoto wake. Hicho kifaa chako mwanangu kinaweza kusikia hewa ya mkaa? Naweza kukinunua kwako?

FundiBaridi

Pole sana mama. Nakujibu moja kwa moja, usinunue changu. Hewa ya mkaa ni kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, ikiingia kwenye damu inashikana na himoglobini mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, ndiyo maana mtu anasinzia tu anapitiliza. Hiyo gesi kuna kengele zake maalumu zilizopimwa, zinauzwa, ndogo kama sahani ya kikombe, zinatumia betri. Zile zilizopimwa kwa viwango vya Marekani hewa ikiwa 400 ppm lazima zilie kati ya dakika 4 na 15, ikiwa 70 ppm zinalia ndani ya saa 1 hadi 4. Hakuna akili mnemba ndani wala haihitajiki. Na kabla ya kengele, mama, jiko libaki nje. Likishakolea hata kama halitoi moshi ndiyo kwanza linatoa hiyo hewa.

Mama Neema wa Makete

Asante mwanangu ubarikiwe. Tunadhani likikolea ndio salama.

MtuWaMaskati

Wengi wanadhani hivyo mama. Hata mimi nimelelewa hivyo.

kijana_wa_Ubungo

Haya mi nna swali la kizushi. Zile sumu za vita, sarini na nini, hizi AI zinaweza kunusa? Maana nimeona kwenye muvi mtu ana kimashine anaelekeza kinasema SARIN kwa maandishi mekundu

Mkemia_wa_Kata

Vifaa vipo, sio vya muvi tu. Kinachotumika sana ni kile kinachofanana na cha uwanja wa ndege wanapokupangusa begi na kitambaa. Hewa inaingia, inapewa chaji ya umeme, ioni zinakimbizwa kwenye mrija wenye uwanja wa umeme, nyepesi ndogo zinafika kwanza, kubwa zinachelewa. Unapata vilima kwenye mstari wa muda. Tatizo marashi, sabuni au moshi wa dizeli vinaweza kuleta kilima karibu na pale pale. Hapo ndipo modeli inasaidia, inaangalia umbo zima la mstari badala ya kilima kimoja.

Ila kuna kisa cha kukumbuka. Tokyo, 20 Machi 1995, sarini kwenye treni za chini ya ardhi. Watu wanaanguka, maelfu wanakimbilia hospitali, na taarifa ya kwanza ya zimamoto kutokana na vipimo ilikuwa ni asetonitrili. Na asetonitrili ilikuwemo kweli kwenye ule mchanganyiko, ni kiyeyushi! Kifaa hakikudanganya, kilisema nusu. Polisi walitangaza sarini kama saa tatu baadaye, madaktari muda huo wanahangaika na wagonjwa wenye mboni zimekuwa kama ncha ya sindano. Kwa hiyo ukiniuliza naogopa nini kwenye hizi modeli, sio kukosea tu, ni kutaja kitu cha kweli ambacho si chenye kuua.

Na data ya kufundishia ndiyo ngumu. Huwezi kuleta sarini kwenye ndoo ya Babu. Ni maabara chache sana zinazoruhusiwa, wengine wote wanatumia kemikali za kuigiza zinazofanana kidogo, halafu wanaomba Mungu modeli ikikutana na yenyewe iitambue. Shirika la kuzuia silaha za kemikali, OPCW la The Hague, Oktoba 2024 lilifanya mkutano Rabat, Moroko, mahususi kuhusu akili mnemba na kemia, kwa hiyo si mambo ya vijana wa mtandaoni tu.

MseeWaNaivasha

Sasa hii mada imenigusa buda. Mimi niko kwa shamba ya maua, huku tunapiga dawa ndani ya grinihausi na watu wanarudi kuvuna hata dawa haijakauka vizuri. Nimesoma mahali eti dawa zingine za wadudu ni ndugu na hiyo sarini. Ni ukweli ama ni uvumi? Na hizi MQ zinaweza kutuambia kama ni safe kurudi?

Mkemia_wa_Kata

Ni kweli kaka. Oganofosfeti na sarini zote zinafunga kimeng'enya kimoja mwilini kinachoitwa asetilikolinesterasi, tofauti ni ukali. Ndiyo maana dalili zinafanana, mate, jasho, mboni ndogo, kutetemeka. Lakini MQ usiitegemee hata kidogo, nyingi ya dawa hizo hazipai vya kutosha hewani, ziko kwenye majani na zinaingia kupitia ngozi. Kinachowafaa nyie ni muda wa kurudi ulioandikwa kwenye lebo ya dawa uheshimiwe, na kipimo cha damu cha hicho kimeng'enya kabla ya msimu na katikati ya msimu. Hicho kipimo kipo miaka mingi, waulize waajiri wenu.

MseeWaNaivasha

Wa kwetu ukiuliza hivyo unaambiwa kuna watu kumi wanangoja kazi yako kwa geti. Lakini asante, nitasoma hiyo lebo.

panyabuku

Mnahangaika na masensa na sisi Morogoro tuna panya 😎 Hapo SUA, chuo kikuu cha kilimo, kuna shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu ya ardhini na kunusa makohozi ya TB. Mmoja, Magawa, kazaliwa hapa hapa, kapelekwa Kambodia, kagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, 2020 kapewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, kwa panya ilikuwa mara ya kwanza. Hahitaji ESP32, anahitaji ndizi.

kijana_wa_Ubungo

Panya ana medali mi nna cheti cha ushiriki

FundiBaridi

@panyabuku umecheka lakini umeleta hoja. Panya akifundishwa hapewi baruti kila mara upande wa kushoto, angejifunza kushoto. Sampuli zinachanganywa, zingine zina kitu zingine hazina, akikwaruza pasipo na kitu hakuna ndizi. Mimi mashine yangu niliipa ndizi kila mchana.

Hesabu_Haidanganyi

Nimesoma uzi wote kimya kimya, naongeza hesabu. Fundi kifaa chako kinasoma kila baada ya sekunde ngapi?

FundiBaridi

Kumi.

Hesabu_Haidanganyi

Basi ni mara 8,640 kwa siku. Chukua modeli nzuri kweli kweli, inakosea mara moja tu kwenye hewa safi elfu moja. Hiyo ni kengele za uongo nane au tisa kila siku. Uvujaji wa kweli unakuja mara ngapi, mbili kwa mwaka? Kwa hiyo mlinzi akisikia king'ora, kwa uzoefu wake mwenyewe, ni uongo. Hakuwa mzembe alipochomoa waya, alikuwa amepiga hesabu kabla yako.

MhandisiTarajali

Si unaweka sharti, mpaka isome amonia mara sita mfululizo ndio ilie?

Hesabu_Haidanganyi

Inasaidia kama makosa yanakuja ovyo ovyo. Lakini vitunguu vya mama ntilie havikaangwi sekunde kumi, vinakaangwa nusu saa. Makosa yanakuja kwa makundi. Sharti lako litaondoa yale ya bahati mbaya, vitunguu vitabaki.

FundiBaridi

Vitunguu nimeviingiza kwenye mafunzo sasa. Ngoja niwape nilichofanya baada ya ile aibu, nimalizie.

Nilianza upya wiki tano. Kila nikitaka kurekodi narusha shilingi, mwenge amonia, kichwa hewa tupu, hata kama ni saa tisa usiku na usingizi unaniua. Nilirekodi siku za mvua, siku umeme umekatika na jenereta linafuka, siku ya deki. Mama ntilie nilimlipa sahani mbili akaja kukaanga ndani ya ukuta, wafanyakazi wakadhani nimechanganyikiwa. Jiki, marashi ya mhasibu (aliniazima chupa, kanicheka mwezi mzima), dizeli, spiriti, yote yameandikwa "sio amonia". Na sensa mpya niliziacha zinawaka siku mbili kabla ya kurekodi chochote maana zikiwa za baridi zinasoma utumbo.

Alama? Sizitangazi tena stetasi. Kwa siku ambazo haijaziona inakamata amonia ya kueleweka mara nyingi, ile ndogo sana bado inapita. Marashi bado yanaisumbua.

Kwa hiyo nimeondoa king'ora. Sasa ni taa ya njano tu na meseji inaenda kwa fundi wa zamu, "nenda kaangalie, chukua kijiti". King'ora na kuzima mtambo nimesema iwe kazi ya sensa ya kielektrokemia ya amonia, ya kununua, yenye cheti. Ile inatengenezwa kwa gesi hiyo moja, bei yake ni kama pikipiki iliyotumika kidogo, na inachakaa, kama miaka miwili unabadilisha hata kama haijaona ajali. Bosi kaniuliza kwani ya kwako ya elfu tisini si inafanya kazi. Nimemwonyesha grafu ya saa mbili asubuhi. Kaiangalia muda mrefu. Kasema tuandike maombi, nimeandika, ni wiki ya sita.

MtuWaMaskati

Wiki ya sita. Huku kifaa kisipolia asubuhi kazi haianzi.

FundiBaridi

Najua kaka. Ndiyo maana bado nalala na simu mkononi.

Mkemia_wa_Kata

Mashine yako hiyo uliyoifundisha upya umeifunga usawa gani?

FundiBaridi

Mbili dada, dari na magoti. Bila silikoni, nimetumia mpira wa kukata kwenye tyubu ya baiskeli.

panyabuku

Na Babu anasemaje?

FundiBaridi

Babu hajasema kitu. Ila jana nimefungua sanduku la chini kufuta vumbi nikakuta kaweka humo karatasi yake ya litmas, kaifunga na uzi mwekundu kwenye skrubu, na pembeni kifuniko cha soda chenye maji, ncha ya karatasi imelala humo ili isikauke. Nimeuliza, mlinzi kasema anabadilisha maji kila asubuhi. Yale maji yanapandisha unyevu ndani ya sanduku, yananiharibia vipimo kabisa.

Nimeiacha.

kijana_wa_Ubungo

Picha mkuu